Mlango Asioupita Mzee Manasseh

Kijiji cha Nyabitunwa, huko Nyamira, kimekaa mgongoni mwa kilima, pale mashamba madogo ya chai yanapoishia na yale makubwa ya Borabu, yaliyokuwa ya walowezi zamani, yanapoanza. Ukisimama uani kwa Nyanchoka asubuhi, ukungu unapojikunja na kuondoka, upande mmoja unaona malori yakipanda taratibu kuelekea Keroka, na upande wa pili unaona ng'ombe wa maziwa wametapakaa malishoni hadi karibu na Nyansiongo. Wenyeji wameyaona hayo tangu kuzaliwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kwamba kuna mtu angelipa nauli kuja kuyatazama.

Aliyefikiri hivyo ni Arvind, mfanyabiashara wa mjini Kisii. Babu yake alifungua duka la vitambaa, baba yake akaliendeleza, naye Arvind alipochoka kupima vitambaa akaanzisha kampuni ndogo ya kupeleka wageni vijijini. Wageni hao wangelala katika nyumba za wenyeji, wakachuma chai pamoja nao na kula walichopika. Kijiji kikipendeza, wenye mitaji wangefuata nyuma yao. Lakini kwanza kijiji kilihitaji kuandikiwa wasifu: kiko wapi, kinalima nini, kina watu gani, na mgeni akija atapata nini. Kazi hiyo alipewa Gentrix Apondi, msichana wa Homa Bay aliyeajiriwa na Arvind, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuandika. Kijiji kingine, upande wa Masimba, kilikuwa kimekwisha kuandikiwa wasifu wake. Arvind angechagua kimoja cha kuanzia.

Katika Nyabitunwa yote, hakuna aliyeutaka mpango huo kuliko Nyanchoka.

Nyanchoka alikuwa mjane mwenye nyumba nzuri ya matofali, sakafu ya vigae, vyumba vitatu vya kulala na dirisha kubwa linalotazama bondeni. Aliijenga na marehemu mumewe kwa maziwa na chai, na mume hakuishi sana ndani yake. Sasa mgongo wake ulikuwa umekataa kazi. Daktari alimweleza waziwazi kwamba akiendelea kubeba kikapu cha chai, ipo siku atainama na asiinuke. Binti yake aliyeolewa Eldoret alikuwa amemwandalia chumba. "Njoo, mama, upumzike," alimwambia kila walipozungumza kwa simu. Nyanchoka angekwenda kwa moyo mweupe kama si mzee Manasseh.

Manasseh alikuwa baba wa marehemu mumewe. Wanawe wengine walitawanyika Nairobi na ng'ambo, wakawa wanarudi kwa mazishi tu. Mzee alibaki katika nyumba yake ya udongo upande wa juu wa boma, na chakula chake chote kilitoka jikoni kwa Nyanchoka. Akiondoka yeye, mzee angepikiwa na nani? Nyumba ya Nyanchoka ikichaguliwa kupokea wageni, angebaki, kwa maana kutandika vitanda na kupika wimbi mgongo ungeweza. Isipochaguliwa, bila kazi ya chai asingekuwa na riziki, na mahindi yakishavunwa angefunga mizigo. Kila alfajiri alipiga magoti juu ya vigae hivyo baridi na kumweleza Mungu jambo hilo kama mtu anayemkumbusha jirani ahadi.

Sasa kuna jambo ambalo msomaji asiyetoka kwetu inafaa alijue hapa, maana Gentrix hakuambiwa, na kila kilichotokea kilitokana na hilo.

Mgusii hapiti mlango wa nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kati ya baba mkwe na mke wa mwana kuna heshima inayoitwa chinsoni, na heshima hiyo ni kama ukuta usioonekana: kila mtu anajua unapita wapi. Manasseh mwenyewe alisaidia kuchimba msingi wa nyumba ya Nyanchoka. Alibeba mawe, akagombana na fundi kuhusu pembe, akashika kamba ya kupimia kuta. Siku fundi alipotia mlango, mzee alijipangusa mikono, akatoka, na hakukanyaga tena ndani. Mwanawe alipokufa hakuna kilicholegea. Kifo hakifungui chinsoni.

Si kwamba walikuwa na uadui. Nyanchoka aliweka sahani juu ya gogo kando ya jiko la mzee, akaita, "Tata, chakula," yaani baba, kisha akageuka aende zake, ndipo mzee alipotoka. Baada ya hapo walizungumza kwa sauti, huyu uani kwake, yule uani kwake, juu ya mvua, ng'ombe anayekaribia kuzaa, na mahubiri ya Sabato yaliyozidi urefu. Maneno yao yalivuka ua kwa uhuru kama kuku. Walioketi barabarani walisema boma lile lina redio mbili.

Mkutano wa kuandika wasifu ulifanyika katika kibanda cha kupimia majani chai. Aliyeuongoza ni Thadeus, mwenyekiti wa kamati na binamu wa marehemu mume wa Nyanchoka. Manasseh aliketi mbele kama mzee wa heshima. Nyanchoka aliketi nyuma na jirani yake Nyakerario, mwanamke ambaye ulimi wake haukujua likizo.

Gentrix alifungua kompyuta yake juu ya mzani na kusoma alichokuwa ameandika. Jina la wasifu lilikuwa "Nyabitunwa, Kijiji Ambacho Kila Mlango Uko Wazi." Watu walipiga makofi. Akasoma habari za chai, za maziwa, za chemchemi iliyo chini ya mikaratusi.

"Na sasa sehemu ninayoipenda," alisema. "Wageni wakifika, watakaribishwa sebuleni kwa mama Nyanchoka. Mzee Manasseh atakuwa ameketi humo ndani, kwa kiti cha kienyeji, awasimulie jinsi babu zenu walipanda hiki kilima. Jioni atakula na wageni mezani. Siku Arvind anakuja kukagua, tunafanya hivyo hivyo. Ni sawa?"

Watu waliangalia mabati ya kibanda kama wanaoyahesabu.

"Ni sawa?" Gentrix aliuliza tena.

Thadeus alitazama viatu vyake. "Ni sawa," alisema.

"Mama Nyakerario, wewe husema kila kitu. Ni sawa?"

Nyakerario aliinama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Usidhani walikuwa wajinga. Kila mmoja pale alijua kwamba jambo lililosomwa haliwezekani. Lakini chinsoni hukataza hata kutajwa kwake mbele ya wale inaowahusu. Manasseh alikuwa pale, mke wa mwanawe alikuwa pale, na mama mkwe wa Thadeus, ambaye kwake pia kuna chinsoni, aliketi kwenye benchi la tatu na fimbo yake. Nani angesimama mbele ya watu hao na kuanza kueleza ni nani haingii kwa nani, na kwa nini? Kila mtu alijiambia kwamba mwenzake atamnong'oneza yule msichana wakitoka nje. Wakatoka nje, na kila mtu akakumbuka ana ng'ombe wa kukama.

Nyanchoka alijaribu. Alimsindikiza Gentrix hadi barabarani, wakiongea Kiswahili, kwa sababu huyu hakujua Ekegusii na yule hakujua Dholuo.

"Gentrix, mwanangu. Lile jambo la mzee kukaa ndani."

"Ndiyo, mama?"

"Mzee anapenda kukaa nje."

"Aa, usijali. Tutamwekea kiti karibu na dirisha, apate hewa."

"Anapenda nje sana."

"Na ikinyesha? Mnajua hapa kwenu mvua haina adabu. Si atapata homa?"

Nyanchoka alifungua kinywa. Maneno yalifika kwenye meno yakarudi. "Haya," alisema. "Fika salama."

Usiku huo aliomba, lakini hata Mungu hakuambiwa jambo hilo kwa jina lake. Aliomba tu siku ya ukaguzi isinyeshe.

Ukaguzi ulipangwa Jumapili, kwa kuwa Jumamosi kijiji kizima kilikuwa kanisani. Nyanchoka aliamka kabla ya jogoo. Alipika ugali wa wimbi, kuku, na mboga za chinsaga zilizolala katika maziwa tangu juzi ili uchungu wake utulie. Nyakerario alikuja kusaidia, yaani alikuja kuonja.

"Nyanchoka, hii sakafu umeipiga deki mpaka naogopa kuikanyaga. Mzungu akianguka hapa tutamweleza nini balozi?"

"Hakuna Mzungu leo. Ni Arvind na mama yake."

"Basi Mhindi akianguka." Nyakerario aliinua kifuniko cha sufuria, akanusa. Kisha akashusha sauti. "Na mzee?"

"Mzee ako kwake."

"Nauliza na mzee?"

"Nakusikia vile unauliza."

Nyakerario alirudisha kifuniko polepole.

Wageni walifika mchana, na gari lao limetapakaa matope hadi vioo. Arvind alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mama yake, Manju, alivaa sari na juu yake sweta nzito ya sufu. Alikuwa amekaa dukani Kisii miaka mingi kiasi kwamba alijua kukataa bei kwa Ekegusii bila kuhema. Alimsalimu Nyanchoka kwa mikono miwili.

"Nimewauzia nyinyi sare za kwaya tangu huyu akiwa anatambaa," alisema akimwonyesha Arvind. "Kwaya ya Sabato ya huku, si ndiyo ile ya bluu?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Mlinipunja," alisema Manju, na wote wakacheka.

Mambo yalianza vizuri. Arvind alitembezwa shambani, akachuma majani akachuma na mabua, Thadeus akamwambia kwamba kwa kikapu kile angefukuzwa kwenye kibanda cha kupimia. Akakagua vyumba, akabonyeza magodoro, akafungua dirisha kubwa na kusimama hapo kwa muda. Gentrix alimkonyeza Nyanchoka. Nyanchoka akaanza kuamini kwamba huenda Mungu alikuwa amepanga njia yake.

Ndipo wingu lilipopasuka. Mvua ya Nyamira haipigi hodi. Watu walikimbilia sebuleni: wageni, Gentrix, Thadeus, Nyakerario, na kamati nzima. Katikati ya sebule, karibu na dirisha, palikuwa na kiti cha miguu mitatu ambacho Gentrix alikuwa amekiweka kwa mkono wake, tena akakifunika kitambaa. Kilikuwa kitupu.

Mzee Manasseh alikuwa nje. Alikuwa amekuja kama alivyoombwa, amevaa koti lake la kanisani na kofia, akasimama chini ya ukingo wa mabati, hatua chache kutoka mlangoni. Ukingo ule ulikuwa mfupi. Mvua ilimpiga magotini na kumwagika juu ya viatu vyake.

"Mzee, karibu ndani," Arvind aliita.

"Niko sawa," Manasseh alijibu.

"Unanyeshewa, mzee."

"Maji ni ya Mungu."

Gentrix alikwenda mlangoni. "Mzee, kiti chako hiki hapa. Tunakungoja wewe tuanze."

Manasseh alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza swali kanisani.

Arvind aligeuka. "Kuna shida gani? Hajisikii vizuri?"

Kamati yote iligundua jambo la kutazama sakafuni. Thadeus alijaribu kutabasamu. "Mzee anapenda hewa," alisema.

"Katika mvua hii?"

"Hewa ya mvua ni safi zaidi."

Nyakerario alifumba macho.

Arvind hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Nyanchoka. Aliinamisha kichwa kama kawaida yake, kisha akasema kwa upole, "Nitawaambia ukweli. Kijiji ni kizuri na nyumba ni nzuri kuliko ile ya Masimba. Lakini sitaweka wageni katika boma ambalo mwenye boma hawataki. Niliwahi kufanya hivyo mahali pengine. Baba alikubali na babu hakutaka, na kila siku wageni walikula chakula katikati ya ugomvi usio wao. Mzee wenu hataki kuketi nasi chini ya paa moja. Hiyo ni haki yake. Mimi sitamlazimisha." Akamgeukia Gentrix. "Tutakula chakula cha mama kwa shukrani, halafu kesho uwapigie simu wa Masimba."

Aliyasema kwa Kiswahili, bila kunong'ona, na mlango ulikuwa wazi. Mzee Manasseh alisikia kila neno.

Nyanchoka alimwona akivua kofia. Alimwona akiikung'uta maji na kuishika kifuani kama mtu anayeingia kanisani. Mzee alisogea hatua moja, akasogea nyingine, na sasa vidole vya kiatu chake vilikuwa karibu kugusa kizingiti. Hakumtazama Nyanchoka. Alizungumza na mwimo wa mlango, kwa Ekegusii, taratibu.

"Kama ni mimi ninayemfukuza mwanangu huyu katika boma hili, basi naingia."

Thadeus alisimama wima. Mama mmoja wa kamati alivuta shuka usoni. Wageni hawakuelewa maneno, maana hata Ekegusii cha Manju kilikuwa cha dukani tu, ila waliona watu wazima wakipauka.

Katika muda ule mfupi mguu wa mzee ulipoanza kuinuka, Nyanchoka aliona yote mawili kwa pamoja. Aliona nyumba yake ikijaa wageni, vitanda vimetandikwa, na yeye akibaki. Na aliona sahani juu ya gogo asubuhi ya kesho, na mzee asiyejua tena atoke lini na atazame wapi. Moyoni alisema, Ee Bwana, usinipe kitu hiki kwa njia hii. Ndilo ombi fupi kuliko yote aliyoomba mwaka ule, na halikuwa limepangwa.

Akanyakua kile kiti cha miguu mitatu pamoja na kitambaa chake, akakiweka juu ya kizingiti, katikati kabisa ya mlango, akasimama nyuma yake.

"Tata, hapana," alisema. Naye hakumtazama. Alizungumza na kiti. "Mimi naweza kuishi Eldoret. Lakini wewe ukiingia humu leo, kesho utanisalimu ukiwa nani?"

Mguu wa Manasseh ulirudi chini. Alisimama hapo, mvua ikimchapa mgongoni, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Basi Nyanchoka akafanya jambo ambalo kamati nzima ilikuwa imekwepa. Aliwageukia wageni, akamchagua Manju kwa kuwa alikuwa mwanamke na mtu mzima, akayasema kwa Kiswahili. Uso wake ulikuwa moto.

"Mama, huyu ni baba ya mume wangu. Kwetu, baba haingii nyumba ya mwanawe. Hajawahi kuingia hii hata siku moja, na ni yeye alichimba msingi. Si kwamba anawachukia nyinyi. Anakaa nje kwa sababu ananiheshimu mimi. Hatukumwambia Gentrix kwa sababu kwetu haya hatuyasemi tukiwa pamoja. Hata sasa nikiyasema naona aibu, na yeye anasikia."

Mvua ilipiga mabati. Manju alimtazama Nyanchoka, kisha akatazama mgongo wa mzee aliyekuwa amegeukia uani ili asionekane akisikiliza.

"Arvind," Manju alisema, "babu yako alikuwa akikohoa sana, unakumbuka?"

Arvind alishangaa. "Nakumbuka. Kikohozi kile hakikupona."

"Babu yako hakuwa na kikohozi hata siku moja. Alikohoa kila alipokaribia jikoni, ili mimi nijue baba mkwe anakuja, nivute sari nifunike uso. Miaka yote niliyokaa naye, hakuniona uso vizuri, na hakuniita jina. Lakini nilipougua, yeye ndiye aliyelala juu ya kaunta dukani ili chumba chenye joto nipewe mimi." Aliifunga sweta yake. "Nilidhani unajua."

"Sikujua," alisema Arvind. "Nilikuwa nikimnunulia dawa."

"Na alikuwa akiinywa, maskini, ili asikueleze."

Nyakerario ndiye aliyeanza kucheka, kwa sauti iliyokuwa imebanwa tangu asubuhi, na kicheko kikazunguka sebule nzima hadi kikatoka nje. Hata mgongo wa mzee ulitikisika kidogo.

"Kijana," Manasseh alisema kwa Kiswahili, akiwa bado ameitazama mvua. "Mimi ningekuwa siwataki, ningekuwa kwangu na moto. Ungeniona hapa nikiota kuvu?"

Arvind alikwenda mlangoni. Hakukisogeza kile kiti. Alisimama upande wa ndani na mzee akasimama upande wa nje. "Nisamehe, mzee," alisema. "Nilisoma vibaya. Unaweza kutukaribisha kwako?"

"Kwangu kuna moshi."

"Tutavumilia."

Wakavuka ua mvuani, Manju akiwa amefunikwa na gunia la mbolea kichwani na Thadeus akimshika mkono, wakaingia katika nyumba ya udongo ya Manasseh. Chakula kiliwafuata huko. Nyanchoka alikifikisha upande wa jikoni wa mzee, Nyakerario akakipokea na kukiingiza. Kutoka hapo jikoni Nyanchoka aliwasikia: sauti ya mzee ikipanda na kushuka, habari za jinsi watu walivyopanda kilima na ng'ombe wao, maswali ya Arvind, na kukohoa kwa kweli safari hii, maana moshi ulikuwa mwingi.

Gentrix peke yake hakuwafuata mara moja. Nyanchoka aliporudi kwake alimkuta amekaa ndani ya mlango, kompyuta magotini, amenuna.

"Yawa, jamani, mama Nyanchoka. Nimekula kwenu. Nimelala kwenu. Watu wazima wote hao, hakuna mmoja angeniambia?"

Thadeus, aliyekuwa amerudi kuchukua sufuria ya chai, alisimama. "Ningekwambiaje, dada? Mama mkwe wangu alikuwa ameketi pale na fimbo."

"Si ungenipigia simu?"

Thadeus alifikiri. "Hilo halikunijia," alikiri.

"Na mimi nimeandika kila mlango uko wazi. Kwa herufi kubwa." Gentrix alishika kichwa, halafu akaanza kucheka bila kupenda. "Kuna nini kingine mnakificha? Semeni sasa hivi, kabla sijaandika upya."

"Kingine?" alisema Nyanchoka, akiketi kando yake kwa uangalifu kwa ajili ya mgongo. "Mambo ni mengi. Anza kwa kufuta hilo la mzee kula mezani."

Jibu la Arvind lilikuja kabla ya juma kuisha, na Gentrix alilileta mwenyewe. Wangeanza Nyabitunwa, kwa Nyanchoka. Isingekuwa makundi makubwa kama walivyotarajia; wageni wawili au watatu kwa wakati mmoja, na wakati wa mvua kubwa wasije kabisa. Masimba nao wangepewa sehemu yao. Wa kwanza kuja kulala angekuwa Manju, aliyesema anataka kupumzika kazi ya duka. Sharti lilikuwa moja: wasifu useme ukweli, na pajengwe mahali ambapo mzee anaweza kuketi na wageni bila kuvuka mlango wa mtu. Paa na nguzo, bila ukuta.

Nyanchoka alimpigia binti yake Eldoret. Binti akasema chumba kitabaki kuwa cha kutembelea. Kisha wakaomba pamoja katika simu hadi salio likakatika.

Walijenga kwa egesangio, ule utaratibu wetu wa jirani kumsaidia jirani kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Thadeus alileta nguzo za mkaratusi, wengine wakaleta majembe, wengine wakaleta maneno. Nyakerario alisimamia kazi ambayo hakuna aliyempa.

"Thadeus, hiyo nguzo imelewa."

"Nguzo haijalewa. Ni wewe umesimama vibaya."

Walipotaka kuchimba shimo la kwanza, Manasseh alitoka kwake na kigoda mkononi, akawaambia wangoje. Alikiweka kigoda katikati ya ua, akaketi, akatazama huku na huku. Akainuka, akakisogeza kuelekea kwa ng'ombe, akaketi tena. Hapo aliona kipembe cha mlango wa Nyanchoka. Akainuka, akakizungusha, akakisogeza kidogo zaidi, hadi alipoketi mlango wa mke wa mwanawe ukawa nyuma yake kabisa, na mbele yake likawa bonde lote na barabara inayopanda, ambako mgeni yeyote angeonekana akiwa bado mbali.

Nyanchoka alikuwa amesimama jikoni kwake na birika la chai, akingoja.

Mzee alikanyaga udongo kwa kisigino. "Hapa," alisema. "Chimbeni."

Kisha, bila kugeuka, akapaza sauti kama ilivyokuwa desturi yao, akimwita mke wa mwanawe kwa Ekegusii. "Mokamwana, hiyo chai inaiva au inafunga na kuomba?"

"Inakuja, Tata," Nyanchoka alijibu, akaanza kumimina.